Hamburg na Dar: Barua ya Mwaliko Inakwama Wapi

Msimu wa kualikana ukikaribia, simu zinaanza: kikundi kimealikwa na Hamburg, mji dada wa Dar es Salaam tangu 2010, mbona kimebaki Kariakoo? Safari hii waliokosa ni vijana wa ngoma kutoka Magomeni. Barua yao ilizunguka ofisini wiki nyingi, na hakuna aliyewaambia kwamba imepelekwa pasipo pake.

Makubaliano yaliposainiwa, Halmashauri ya Jiji ilikuwa juu ya manispaa zote. Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja, Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Tangu hapo ukiandika "Jiji la Dar es Salaam", kiofisi umeandika Ilala ya zamani: Kariakoo, Gerezani, Upanga, Kivukoni, Buguruni hadi Gongo la Mboto. Ukipita kituo cha Fire ukavuka bonde la Jangwani na kushuka Magomeni, umeshaingia Kinondoni. Manzese ni Ubungo, Mbagala ni Temeke.

Sisi wa huku Ujerumani tunaandika "Kwa Meya wa Dar es Salaam" na kuona tumemaliza. Karani anaipokea, anagonga mhuri wa "imepokelewa", barua inalala kwenye faili. Mhuri ule si kibali! Kumwambia kijana "hii si ya kwetu, nenda Kinondoni" hakuchukui hata dakika moja, na inakera kwamba dakika hiyo haipatikani.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote, ulizeni cheti cha usajili wa kikundi kimetoka halmashauri ipi. Barua iende kwa Mkurugenzi wa halmashauri hiyo, nakala kwa Jiji. Msidhani Kinondoni haimo katika udugu huu: mtambo wa Mabwepande unaogeuza taka za masokoni kuwa mboji ni kazi ya Kinondoni na Hamburg. Wasanii waanze mapema pia kufuatilia kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) cha kwenda nje.

Halafu ubalozi wa Ujerumani. Barua ya mji dada haimlazimishi afisa wa viza kitu. Anataka kujua nani analipa na kama mgeni atarudi. Kama mwenyeji ndiye mlipaji, Verpflichtungserklärung yake, yaani hati ya kuahidi kubeba gharama za mgeni, iliyosainiwa katika ofisi ya wageni hapa Ujerumani, ifike Dar ikiwa karatasi halisi, si picha ya WhatsApp. Bima ya safari isipungue kinga ya euro 30,000. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa viza hairudi.

Swali la kurudi ndilo linalowaumiza vijana wa Kariakoo. Kijana anauza vitenge kila siku, lakini mkataba wa fremu una jina la mjomba, leseni ni ya mjomba, na fedha zinapita kwenye simu. Mbele ya afisa anaonekana hana kazi. Mjomba aandike barua ya ajira na kuambatanisha leseni na TIN yake. Kijana achukue taarifa ya miamala yake kwenye ofisi ya kampuni ya simu, yenye mhuri. Kazi yake ni ya kweli, basi ionekane kwenye karatasi.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu vijana hawa wana la kuzungumza huku. Sanamu ya Wissmann, gavana wa kikoloni, ilisimamishwa Dar mwaka 1909. Waingereza wakaing'oa, ikaja kuwekwa Chuo Kikuu cha Hamburg, hadi wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968. Mazungumzo ya historia hiyo yanahitaji watu wa Dar wawepo chumbani.

Na jihadharini na vishoka wanaouza nafasi kwenye "orodha ya mji dada". Anayedai fedha ili aingize jina lako, usimpe hata shilingi. Mpigie kwanza aliyetajwa kwenye mwaliko kuwa mwenyeji. Mwisho, angalieni muda: ubalozi hupokea maombi ya viza kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Mwaliko wa kiangazi uandikwe kabla ya Krismasi.