Kelele ofisini: hakikisha maneno yako yameandikwa sawasawa

Ndugu mkazi wa kambi, safari hii tunaeleza jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo: kelele katika ofisi ambamo makarani kadhaa wanasikiliza watu kwa wakati mmoja. Jambo hili linakuhusu hata kama hufanyi kazi ofisini. Siku ukiitwa kueleza habari zako, karani ataandika kile alichosikia, na pengine sicho ulichosema.

Chukua mfano wa namba. Ukimtajia karani "sita" huku jenereta linanguruma dirishani, anaweza kusikia "tisa", maana sauti za maneno hayo mawili ni zilezile, zimebadilishana nafasi tu. Mtoto wa mwaka 2006 anaandikwa wa 2009. Kosa hilo halionekani upesi. Litaonekana katika mahojiano mengine, pale karatasi ya zamani itakaposema hivi na mdomo wako useme vile, na anayekuhoji aanze kujiuliza kama unasema kweli. Majina ya mahali nayo ni hivyohivyo. Luberizi na Lubarika zote ziko bonde la Ruzizi, upande wa Uvira; mkalimani aliyesikia mwanzo tu wa jina anaweza kukuhamisha kijiji bila kukusudia.

Waliowahi kuitwa Bujumbura kutoka Bwagiriza au Musasa watazielewa ofisi tunazozungumzia. Katika mtaa kama Kinanira, kusini mwa mji, ofisi inaweza kuwa nyumba ya kupanga iliyojengwa kwa ajili ya familia. Sebule inawekwa meza nne au tano. Sakafu ni ya vigae, kuta ni za saruji, madirisha ni ya vioo, na hakuna pazia wala mkeka. Vitu vigumu namna hiyo havimezi sauti, vinairudisha, kama ukuta unavyorudisha mpira. Kambini shida ni nyingine: sauti ya meza ya jirani inapita kwenye shitingi kana kwamba hakuna kitu, na mvua ikipiga mabati hamsikilizani kabisa.

Halafu kelele ya watu ina tabia yake. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu aliyezungukwa na kelele hupaza sauti bila kujua. Basi wa meza ya kwanza anapaza kidogo ili asikike, wa meza ya pili anapaza zaidi ili amshinde wa kwanza, na chumba kilichokuwa kimya saa mbili asubuhi kinakuwa soko ifikapo saa nne. Ndiyo maana kupiga ukelele "Nyamazeni!" hakusaidii kwa muda mrefu. Watu hutulia, kisha wanarudi palepale, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeamua kufanya fujo. Tukiri pia kwamba mara nyingi tunaoanza ni sisi wafanyakazi, kwa simu zetu na redio za mawasiliano.

Dawa ni kusogea, si kupaza sauti. Mazungumzo ya kawaida, yakipimwa umbali wa mita moja, yana desibeli 60 hivi. Mahali pa wazi, ukisogea kutoka mita mbili hadi mita moja, msikilizaji wako anapata karibu desibeli 6 zaidi, na wewe hujaongeza nguvu yoyote. Kwa hiyo vuta kiti. Kaa mahali ambapo mkalimani anaona mdomo wako. Namba yenye utata iseme kwa njia mbili: "tisa, yaani nane na moja." Jina la kijiji lifuatishe na jina la mji ulio karibu, au omba kuliandika mwenyewe.

Kuna kelele nyingine ambayo haiumizi masikio lakini inaharibu zaidi. Maneno unayoyaelewa hukuvuruga kuliko mashine, hata yakiwa ya sauti ndogo, kwani akili inayafuata yenyewe. Na kama wewe unasikia habari za jirani, naye anasikia zako. Mama anayeeleza aliyotendewa njiani ataruka sehemu nzito akijua kwamba mtu wa mstari wake wa nyumba ameketi nyuma yake. Hapo faili litabaki na pengo, na pengo hilo huenda likawa ndiyo sababu yenyewe ya kuomba hifadhi.

Ujue basi kwamba taratibu za HCR za kuamua hadhi ya ukimbizi zinataka mahojiano yafanyike faraghani na yawe siri. Unaweza kuomba chumba kilichofungwa, na mwanamke anaweza kuomba ahojiwe na mwanamke na mkalimani awe mwanamke. Kuomba si kiburi. Sema mapema, kabla hujaanza kueleza: "Naomba mahali pa faragha." Kama siku hiyo hakuna chumba, uliza kama unaweza kupangiwa siku nyingine.

Kwa ndugu wa kamati na walinzi wanaotumia ofisi moja kambini: foleni ikae nje, kivulini, mbali na dirisha, na watu waitwe mmoja mmoja. Blanketi nzito ikitundikwa nyuma ya meza, na mkeka ukatandikwa chini, hupunguza mwangwi, ingawa havizuii maneno kupita. Meza ya mambo ya siri isiwe karibu na mlango. Jenereta lihamishiwe nyuma ya jengo kama waya unafika. Watoto wapewe mtu wa kuwaangalia. Mtoto anayelia mapajani humfanya mama ajibu haraka ili amalize.

Mwisho wa mahojiano, kabla ya kutia sahihi au kidole gumba, omba usomewe yote yaliyoandikwa, kwa lugha yako, polepole. Sikiliza hasa miaka, idadi ya watoto na majina ya mahali. Ukikuta kosa, lisahihishwe palepale. Ukiligundua baada ya kurudi nyumbani, njoo ofisini na kadi yako, ueleze kosa liko wapi, na uombe masahihisho yaingizwe katika faili yakiwa na tarehe.