Kufundisha Uandikishaji wa Askari kwa Ramani ya Ardhini

Mwanafunzi akiambiwa tu kwamba wakoloni waliandikisha askari kutoka makabila ya "wapiganaji", huenda akaamini kuwa ushujaa hugawiwa kwa kabila. Hapana budi kosa hilo tulizuie mapema.

Katika mazoezi ya kufundisha hapa Ulemo, huchora ramani ya Afrika Mashariki uwanjani kwa kijiti, kisha wanafunzi huweka punje za mahindi mahali askari walikotoka. Kwanza, mwaka 1889: Wissmann aliwaleta Wasudani kutoka Misri, na wengine kutoka Msumbiji, kupigana na Abushiri. Tuwaulize: kwa nini wageni? Watagundua wenyewe kwamba mgeni hana ndugu wa kumwonea huruma. Baadaye punje zihamie Unyamwezini na Usukumani, kwa watu waliokwisha kuzoea safari ndefu za misafara.

Kisha tufike kwa Waingereza. Jeshi la King's African Rifles liliundwa mwaka 1902, na vikosi vyake viligawanywa kwa nchi: cha 4 kilikuwa cha Uganda, na cha 6, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, cha Tanganyika.

Mwisho, wanafunzi watawanye punje Tanzania nzima, mfano wa Jeshi la Wananchi lililoundwa Septemba 1964. Swali la kufungia somo ni hili: nani alichagua, na kwa faida ya nani? Mwanafunzi akilijibu, hatadharau tena kabila la jirani yake.