Umoja wa samaki ndani ya kioo

Wahenga walisema umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Methali hii hufunzwa tangu madarasa ya chini, na mwalimu akitafuta mfano wake katika maumbile, samaki wadogo waogeleao kwa makundi humfaa sana. Lakini ipo hali moja ambapo umoja huo hauwafai samaki hata kidogo, nayo ni pale wanapotiwa katika tangi la kioo pamoja na kobe wa majini.

Mchanganyiko huo huwavutia wafugaji wengi. Kobe huonekana mzito na mpole, samaki huleta rangi, na mwalimu anayeandaa pembe ya sayansi huweza kudhani kwamba chombo kimoja kitampa masomo mawili kwa gharama ya moja. Maoni yangu ni kwamba chombo hicho hutoa somo baya.

Tuanze na samaki wenyewe. Danio wenye milia, ambao asili yao ni mito ya Bara Hindi, na neoni wa bonde la Amazon ni viumbe wa sentimita 3 au 4 hivi. Hawana miiba ya kuogofya wala sumu. Kinga yao ni kundi. Kila mmoja humwona jirani yake kwa macho na kuhisi mtikisiko wa maji kwa mstari wa ubavuni, hivyo mmoja akishtuka wote hugeuka, na adui aliyemlenga mmoja hupotewa na shabaha. Aidha, penye samaki 100, hatari ya shambulio moja hugawanywa miongoni mwa wote. Mwaka wa 1971 mwanabiolojia Mwingereza W. D. Hamilton alionyesha kwamba kundi huweza kuundwa bila hisani yoyote: kila mnyama hujisogeza karibu na wenzake ili adui akutane na mwingine kwanza.

Hata hivyo, kinga hiyo ina sharti lake, nalo ni nafasi. Omena wa Ziwa Victoria ni ushahidi. Mbuta waliingizwa ziwani humo katika miaka ya 1950, na aina nyingi za samaki wa kienyeji zikatoweka. Omena wangalipo kwa wingi, kwa kuwa huzaana upesi na huishi katika maji ya wazi. Lakini usiku wa giza mvuvi akiwasha taa, omena hao hao hukusanyika penye mwanga na kuzolewa kwa wavu. Pasipo na pa kukimbilia, kundi humrahisishia adui kazi.

Tangi la kioo ni kama wavu huo. Kobe anayeuzwa sana duniani kwa ajili ya kufugwa ni yule mwenye alama nyekundu nyuma ya macho, ambaye asili yake ni bonde la mto Mississippi nchini Marekani. Anapoanguliwa, gamba lake huwa na urefu wa sentimita 3 hivi. Jike aliyekomaa huweza kupita sentimita 25, na akitunzwa vyema huishi zaidi ya miaka 20. Katika utoto wake hupendelea nyama. Akikua huongeza majani katika chakula chake, ila samaki akimkaribia hamwachi. Kobe wetu wa vidimbwi vya Afrika, yule akunjaye shingo yake ubavuni, ni mla nyama zaidi: hula wadudu, viluwiluwi, vyura na samaki. Kweli hana mbio, lakini polepole ndio mwendo. Ana siku nyingi za kungoja, na samaki hawana kona asiyoifikia.

Hata akishiba, maji yenyewe hugeuka adui. Kobe huchafua maji mno, na uchafu huo huzalisha amonia, ambayo huunguza mashavu ya samaki. Kobe huinua kichwa akavuta hewa kwa mapafu yake. Samaki hana budi kupumua yale yale yanayomdhuru. Mwalimu huona kobe mzima wa afya, akadhani maji ni salama.

Wapo watakaosema kwamba wamewaona wakiishi pamoja kwa miezi. Siwakanushi. Tangi likiwa kubwa, chujio likiwa na nguvu na kobe akiwa ameshiba, samaki wepesi huweza kudumu. Lakini kudumu si usalama. Ni hukumu iliyoahirishwa. Wengine husema hayo ndiyo maumbile, mla na mliwa. Je, katika kidimbwi hakuna matete, matope na njia ya kutokea? Ndani ya kioo ni sisi tuliofunga mlango, na anayefunga mlango hawezi kuyasingizia maumbile.

Basi shule ifanyeje? Iwafuge samaki peke yao, kundi la kutosha katika tangi la kutosha. Kobe wa kienyeji na atazamwe kidimbwini kwake, kwani Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haimruhusu mtu kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Shule iliyokwisha kumpata kobe wa kigeni impe chombo chake, pahali pakavu pa kuota jua, na isimtupe mtoni akiwakinai walezi wake; Umoja wa Ulaya ulimtia katika orodha ya viumbe wavamizi mwaka wa 2016. Wanafunzi nao wanawe mikono kwa sabuni kila wamgusapo, maana kobe hubeba bakteria wa salmonela. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku mwaka wa 1975 uuzaji wa kobe wadogo wasiofika sentimita 10.

Mwanafunzi hujifunza kwa anayoyaona kuliko anayoambiwa. Akiwahesabu samaki Jumatatu wakawa 12, na Ijumaa wakawa 7 bila mtu kujali, atakuwa amefunzwa kwamba mnyonge hupungua tu na hakuna wa kuulizwa. Somo hilo halimo katika mtaala wowote, na mwalimu asilifundishe.