Sekunde 0.17 za dhahabu: Hivi ndivyo farasi anavyofundishwa kukata kona bila kuyumba

SEKUNDE 0.17. Hiyo ndiyo tofauti iliyoamua nani abebe dhahabu na nani aondoke na fedha katika fainali ya mtu mmoja mmoja ya kuruka viunzi kwa farasi, Olimpiki ya Tokyo, Agosti 4, 2021.

Mwingereza Ben Maher, juu ya farasi wake Explosion W, alimaliza kwa sekunde 37.85. Peder Fredricson wa Sweden akiwa na All In, farasi aliyekimbia bila viatu vya chuma kwatoni, alitumia 38.02. Wote wawili hawakuangusha hata fito moja.

Kwa shabiki wa soka, hayo yalikuwa kama matuta baada ya sare. Wapandaji sita walimaliza raundi ya fainali bila kosa, wakarudishwa uwanjani kwenye njia fupi zaidi, na humo saa ndiyo iliyokuwa refa.

Sasa piga hesabu. Farasi anayekwenda mita 400 kwa dakika, ndani ya sekunde 0.17 anasogea mita moja na kidogo tu. Hatua yake moja akiwa mbioni ni zaidi ya mita tatu. Kwa hiyo dhahabu ya Olimpiki ilipishana na fedha kwa kama theluthi ya hatua moja!

Na mita moja kwenye mchezo huu haipotei sana kwenye njia iliyonyooka. Hupotea kwenye kona.

Bega linapotangulia kuanguka

Farasi wa mashindano ana kilo kama 500 hadi 600, na akiwa amesimama tu, zaidi ya nusu ya uzito huo ipo miguu ya mbele. Ukimwingiza kwenye kona kwa kasi bila kumfundisha, anafanya kama pikipiki: analala upande wa ndani na kuliegemeza bega lake huko.

Hapo balaa linaanza. Kona inakuwa finyu kuliko ilivyopangwa, miguu ya ndani inabeba mzigo usio wake, na kiunzi kinachofuata kinamkuta hajajipanga. Fito ikidondoka ni pointi nne za adhabu, na medali imekwenda na maji. Uwanja ukiwa unateleza, anaweza kuanguka kabisa na mtu wake.

Kuna tatizo lingine la asili. Kama binadamu alivyo na mguu wa kulia au wa kushoto, farasi naye ana upande anaoupenda. Upande mmoja anapinda vizuri, upande mwingine anakuwa mgumu kama gogo. Ni kama winga anayejua kukata ndani kwa mguu mmoja tu: mabeki wakishamjua, kazi imekwisha.

Kunyooka ndani ya duara

Walimu wa upandaji wana msemo unaomchanganya mgeni: farasi awe amenyooka hata akiwa kwenye kona. Inawezekanaje?

Fikiria mabehewa ya treni kwenye reli iliyopinda. Kila behewa linafuata lile la mbele, hakuna linalotoka pembeni. Farasi aliyenyooka ni hivyo hivyo. Kwato za nyuma zinafuata mstari wa kwato za mbele, na mwili unapinda kiasi kile kile cha kona yenyewe.

Kosa la mwanafunzi ni kuvuta hatamu ya ndani kwa nguvu. Shingo ya farasi ni laini, inapinda haraka. Lakini kifua na mbavu havipindi kirahisi hivyo. Matokeo yake kichwa kinaangalia kushoto, bega linatorokea kulia, na farasi anakwenda asikotakiwa. Huyo ameshakula chenga, tena chenga ya farasi wake mwenyewe.

Dawa ni hatamu ya nje. Hiyo ndiyo beki anayeziba njia ili bega lisitoroke. Mguu wa ndani wa mpandaji unabana ubavuni, kumwambia farasi asilale ndani. Mguu wa nje unarudi nyuma kidogo, kuzuia makalio yasiteleze. Macho ya mpandaji yanatazama kiunzi kinachokuja, hayatazami masikio ya farasi, kama kiungo mzuri anavyoinua kichwa kabla ya kupokea mpira.

Koni, duara na subira

Mazoezi yenyewe hayana maajabu. Yanaanza kwa kutembea tu, kwenye duara la mita 20. Likikaa sawa, linapunguzwa taratibu hadi kama mita 10, kisha farasi anasukumwa kwa mguu arudi duara kubwa. Akiyumba, kocha hapandishi kasi, anarudi hatua moja nyuma.

Baadaye inakuja njia ya nyoka, kushoto kulia, mara nyingi kwa koni zile zile ambazo mchezaji wa soka anazijua. Kila upande unapata zamu yake, hasa ule mgumu.

Lipo pia zoezi lililoenezwa na Mfaransa François Robichon de la Guérinière katika karne ya 18. Farasi anakwenda mbele sambamba na ukuta, huku mabega yakiletwa ndani kidogo. Mguu wa nyuma wa ndani unalazimika kuingia chini ya tumbo na kubeba uzito. Miaka karibu 300 imepita, na bado zoezi hilo linatumika.

Mguu upi unatangulia?

Akiwa kwenye shoti, farasi hutanguliza mguu mmoja wa mbele. Kona ya kushoto inataka wa kushoto utangulie. Akitanguliza wa kulia, anakuwa kama mtu anayekimbia huku miguu ikipishana vibaya. Farasi aliyeiva hubadilisha mguu hewani, hatua moja tu, bila kupunguza mwendo.

Hata kwenye mbio zisizo na viunzi, kama zile za uwanja wa Ngong jijini Nairobi, kanuni ni ile ile. Anayetanguliza mguu sahihi kwenye kona anatunza pumzi ya kumalizia.

Na si kazi ya msimu mmoja. Explosion W alikuwa na miaka 12 alipotwaa dhahabu ile, All In alikuwa na 15. Ukimharakisha kinda, miguu inaumia kabla hajaona uwanja mkubwa.

Siku ukibahatika kuangalia mchezo huu kwenye runinga, usitazame mruko peke yake. Tazama mabega ya farasi hatua tano kabla ya kiunzi. Yakiwa sawa, fito nyingi zitabaki juu. Yakiwa yamelala, anza kuhesabu pointi za adhabu.