Shavu la Mguu na Safari ya Wapagazi

Sote hapa Tabora tumesikia habari za wapagazi wa Kinyamwezi, ambao katika karne ya 19 walitembea hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 700, na mizigo ya kilo 30 hivi. Miguu yao iliwezaje?

Shika nyuma ya mguu wako, chini ya goti. Hilo ndilo shavu la mguu. Mwenyezi Mungu ameweka humo misuli miwili mikubwa, nayo huishia kwenye kano moja nene iliyoshika kisigino. Unyayo ukiwa chini na mwili ukisonga mbele, kifundo hukunjika na kano huvutika kama mpira wa manati. Misuli hurefuka kidogo tu. Kazi yake kubwa ni kushikilia. Kisigino kikiinuka, kano hurudi kwa nguvu na kuusukuma mwili. Hivyo misuli haichoki upesi.

Msuli wa nje huanzia juu ya goti, kwa hiyo katika sijda, goti likikunjwa, hulegea.

Kano hupata damu kidogo, hivyo hupona polepole. Mtoto akisikia mlio nyuma ya kisigino akashindwa kusimama kwa vidole, tusimkande. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.