Daudi Kabaka na Utungo wa Kiswahili cha Bara

Kwa muda mrefu wachunguzi wa fasihi ya Kiswahili wameelekeza macho yao pwani, nao wana haki, kwa kuwa tenzi zilizohifadhiwa zilitungwa huko. Walakini utungo wa Kiswahili nchini Kenya una mkondo wa pili, ulioingia bara kwa reli na kwa mashamba. Mkondo huo wadhihirika katika kazi ya Daudi Kabaka, Mluhya aliyezaliwa Kyambogo, Uganda, mwaka 1939, na kufariki mwaka 2001.

Swali la kwanza ni kwa nini mtungaji wa asili hiyo atumie Kiswahili. Jawabu halitafutwi katika maisha yake tu, bali pia katika hali ya lugha ya magharibi ya Kenya, na miji ya Bungoma na Kitale ni mfano wa kutosha. Reli ya Uganda, iliyofika Kampala mwaka 1931, ilipita Bungoma. Tawi lake lilikuwa limekwisha kufika Kitale mwaka 1926. Bungoma ni nchi ya Wabukusu, na huko litungu, kinanda cha nyuzi saba, lilikuwa na mafundi wake waliosifu na kukemea watu kwa Kibukusu. Kitale ulikuwa mji wa walowezi. Katika mashamba ya Trans Nzoia, Mbukusu, Mteso, Mturkana na Msabaoti walifanya kazi pamoja, na lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili. Wimbo wa litungu haukupungukiwa na kitu Bungoma. Ulipofika kambi za vibarua wa Kitale, wengine walisikia nyuzi tu. Mtungaji wa sahani za santuri, aliyetaka kununuliwa katika miji yote miwili, hakuwa na hiari kubwa.

Kabaka alipata jina katika miaka ya 1960, alipofanya kazi na studio ya Equator mjini Nairobi, iliyosimamiwa na Charles Worrod. Wenzake walikuwamo Fadhili William wa Taita, na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Kundi kama hilo lenyewe lilikuwa Kitale ndogo. Mtindo wao wa Twist ya Kiafrika, uliochota pia katika kwela ya Afrika Kusini, ulienea haraka. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kabaka na Wazambia hao waliunda bendi yao, African Eagles.

Jambo la kumshughulisha mwanaisimu ni lugha yenyewe. Utazamwe wimbo wake mashuhuri, Msichana wa Elimu. Mwalimu wa sarufi aweza kuuliza kwa nini isiwe "msichana msomi" au "msichana aliyeelimika". Katika Kiswahili cha bara kihusishi cha -a hubeba mzigo mkubwa, kwani humwezesha msemaji kuepuka kirejeshi kwa kutumia upatanisho mmoja mfupi. Haifai kusema kwamba sababu ni ugeni wa ngeli, kwa maana lugha za Kiluhya zina ngeli nyingi na upatanisho mkali. Tena muundo huo si wa bara peke yake: pwani nako husemwa "mtu wa maneno" na "mtu wa watu". Kwa hiyo kuuita Kiswahili kibovu ni pupa. Lililotendeka ni kuchagua, miongoni mwa njia za lugha, ile ambayo kibarua wa Kitale na karani wa Nairobi wangeishika mara moja, na ambayo iliingia katika mapigo ya gitaa bila kusukumwa.

Kuhusu thamani ya maneno hayo, kisa cha Helule Helule kinafundisha zaidi kuliko nadharia. Mwaka 1968 kundi la Kiingereza, The Tremeloes, liliimba wimbo huo wa Kabaka, ukafika nafasi ya 14 katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Muziki ulichukuliwa, maneno yakatungwa mengine kwa Kiingereza, ila mwito wa "helule" ukabaki. Mnunuzi wa London alikuwa sasa mahali pa yule kibarua wa Kitale aliyesikiliza litungu bila kujua Kibukusu, isipokuwa kwamba yeye hakuambiwa kuwa kuna maneno aliyoyakosa.