Machapisho ya Ubaharia kama Kifaa cha Usalama katika Vyombo vya Matembezi: Mfano wa Msuka, Pemba

Pemba ilipoteza watu wengi katika ajali ya MV Spice Islander I ya tarehe 10 Septemba 2011, na nahodha wa Msuka hahitaji kuelezwa thamani ya jaketi okozi. Linalohitaji ufafanuzi ni fungu la pili la matakwa ya usalama, yaani machapisho.

Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini wa mwaka 1974, Sura ya V, Kanuni ya 27, unataka ramani za bahari, miongozo ya njia, orodha ya taa, matangazo kwa mabaharia na majedwali ya maji viwe vya kutosha kwa safari iliyokusudiwa na viende na wakati. Kwa vyombo vyenye ujazo wa chini ya tani 150, Mkataba unaiachia mamlaka ya nchi kuamua ni kwa kiasi gani kanuni hiyo isitumike. Boti inayowapeleka wageni kuzamia karibu na Ras Kigomasha imo katika kundi hili.

Je, kuna hasara gani chombo kidogo kikikosa jedwali? Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa hufikia takriban mita 4. Mwamba uliopitwa juu asubuhi huweza kuonekana mchana. Nahodha mzawa hulijua hili pasi na kitabu. Huhesabu mwezi: bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu huwa baina yake. Hiyo ni elimu kamili, na anayeiita ya kubahatisha huenda hajapata kupanda ngalawa. Kasoro yake ni moja tu: imo kichwani mwa mtu mmoja. Nahodha akianguka baharini au akizidiwa na maradhi, aliyebaki chomboni hana pa kusoma. Kwa mtazamo huu, chapisho ni elimu inayobaki chomboni hata nahodha asipokuwepo. Kitabu cha Kiingereza kilichofungiwa sandukuni humridhisha mkaguzi, lakini hakimsaidii msaidizi asiyeisoma lugha hiyo.

Vifaa vyenyewe si vya gharama daima. Sheria za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, Kanuni ya 25, zinakiruhusu chombo cha tanga kisichofika mita 7, kisipoweza kuwasha taa za ubavuni na tezi, kuwa na kurunzi au fanusi ya mwanga mweupe iliyo tayari kuonyeshwa mapema. Kwa Kanuni ya 33, chombo kisichofika mita 12 na kisicho na honi kiwe na njia nyingine ya kutoa ishara ya sauti. Baragumu lingefaa.

Pa kuanzia ni Kanuni ya 29 ya Sura ileile ya V, inayotaka jedwali la picha la ishara za uokozi liwe karibu na mwenye zamu. Maelezo yake yakiandikwa kwa Kiswahili na ukurasa ukabandikwa kando ya usukani, msaidizi ataweza kuufuata.